Namba Kulingana na Logbuku Si Ushahidi

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Mliozoea kupita hapa kusoma habari za programu na hifadhidata, msiondoke. Naanza na pikapu, lakini tutaishia mlangoni kwetu sisi waandishi wa programu, na huko hatutatoka wasafi.

Hoja yangu naiweka mapema ili mtu asiseme nimemzungusha. Muuzaji wa gari la zamani akikufungulia boneti, akakusomea namba iliyogongwa kwenye injini, kisha akakuonyesha logbuku yenye namba ile ile, hajathibitisha kwamba injini hiyo ndiyo iliyotoka na gari kiwandani. Amethibitisha kwamba kuna siku mtu alisoma namba kwenye chuma akaiandika kwenye karatasi. Basi! Akikutoza bei ya "orijino" kwa ushahidi huo, anakuuzia maneno.

Najua kwa sababu nusura niwe muuzaji huyo.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1975 Baba alinunua Datsun 1200 pikapu, mpya kabisa, pale Mombasa. Kwa mliozaliwa juzi: hii ni ile pikapu ndogo ambayo Nissan waliitoa mwaka 1971 kwa jina la B120, ndugu ya Datsun Sunny 1200. Injini yake inaitwa A12. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita 1,171, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini. Japani waliendelea kuiunda pikapu hiyo kwa muda mrefu, na huko Afrika Kusini mtoto wake, Nissan 1400, aliendelea kutoka kiwandani hadi 2008. Gari lililoishi miaka mingi hivyo huacha injini nyingi za kubadilishana. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Baba alibebea kabeji na nyanya kutoka Wundanyi hadi soko la Kongowea. Anayeujua mlima wa kupanda kutoka Mwatate anajua gari dogo linapitia nini pale, hasa likirudi limejaa saruji na sukari ya watu. Pikapu ile ilitusomesha sote.

Baba alituacha mwaka 2019. Mwaka 2024 kaka yangu mkubwa akapata mnunuzi kutoka Nairobi, mzee mmoja anayekusanya magari ya zamani. Akatoa bei mbili. Kama injini ni orijino, shilingi 650,000. Kama sivyo, 400,000. Tofauti ni robo milioni, na robo milioni kwetu ilikuwa na jina: paa la nyumba ya Mama.

Kaka akafungua boneti, akasugua mafuta kwa kitambaa, akasoma. A12, kisha tarakimu zinazoishia 904. Akafungua logbuku: 904. Akanipigia simu akicheka.

"Mdogo wangu, namba zimelingana. Tumemaliza."

Mimi ndiye niliyeharibu sherehe. Si kwa sababu najua magari kuliko Kaka. Yeye ameshika spana tangu darasa la sita. Ni kwa sababu kazi yangu imenifundisha kuogopa rekodi mbili zinazokubaliana upesi. Swali la kwanza huwa: je, moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine? Kama ndiyo, una shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

MASWALI MATATU, SI MOJA

Tatizo la neno "orijino" ni kwamba limebeba maswali matatu mgongoni, na kila mtu anajibu lile linalompendeza.

La kwanza: je, hii ni AINA ya injini ambayo gari hili lilitoka nayo?

La pili: je, injini hii ni ya WAKATI wa gari hili, au imeundwa miaka kadhaa baadaye?

La tatu: je, hii ndiyo injini YENYEWE, ile moja iliyofungwa kwenye chasi hii siku ya kwanza?

Wenzangu wa programu mtaelewa haraka. Aina ni kitu kimoja, na kitu kimoja mahsusi cha aina hiyo ni kingine. Kusema "hii ni A12, kwa hivyo ni orijino" ni sawa na kuona mtu amevaa sare ya shule yako ukadai ni mwanao.

Swali la kwanza ni rahisi, na hata kama huna karatasi moja unaweza kulijibu kwa rula. Hedi yetu ilikuwa imefunguliwa kwa sababu gasketi ilivuja, basi nikapima. A12 ina kipenyo cha silinda milimita 73, na pistoni husafiri milimita 70 kutoka chini hadi juu. A14, ambayo watu wengi huiweka kwenye pikapu hizi ili zipate nguvu, ina kipenyo cha 76 na mwendo wa 77. Fanya hesabu ya shule ya msingi: nusu ya kipenyo, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa silinda nne. A12 inakupa 1,171 na chenji. A14 inakupa 1,397. Namba inaweza kusuguliwa na kugongwa upya, lakini nafasi iliyomo ndani ya silinda haidanganyi.

Hapo kuna jambo moja la kuangalia. Kipenyo hukua. Silinda zikilika, fundi huzipanua na kuweka pistoni kubwa kidogo. Yetu ilipima 73.5. Lakini mwendo wa pistoni unatokana na krenki, na kupanua silinda hakuugusi. Yetu ilisoma 70 kamili. Kwa hivyo, mkitaka kujua aina, msiishie kwenye kipenyo, pimeni mwendo.

Jibu la swali la kwanza basi likawa ndiyo: A12, kama kibao cha bati chini ya boneti yetu kinavyosema. Kaka akapiga makofi. Nikamwambia ngoja.

Ona mfano wa Marekani, ambako watu wamelifanya jambo hili kuwa karibu dini. Chukua pikapu ya Ford F-100 ya 1968 hadi 1972. Ndani ya namba yake ya chasi kuna herufi inayotaja injini iliyotoka nayo: Y ni V8 ya inchi za ujazo 360, H ni ile ya 390. Vizuri. Lakini herufi hiyo inataja aina tu, na injini hizo mbili kwa nje ni mapacha. Kipenyo cha silinda ni kimoja, inchi 4.05. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: inchi 3.50 dhidi ya 3.78. Unaweza kusimama juu ya boneti siku nzima na usijue unatazama ipi.

Na Ford hao hao wanatufundisha swali la pili. Bloku zao zina alama za tarehe zilizoachwa na kalibu wakati chuma kinamwagwa: tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, kisha siku. Ukisoma 9C14 kwenye bloku ya enzi hizo, chuma kile kilimwagwa tarehe 14 Machi 1969. Sasa kama gari lenyewe lilikamilika kiwandani Februari 1969, kesi imekwisha. Mtoto hamzai babake. Lakini tazama vizuri ushahidi huu unaelekea wapi. Tarehe mbaya INAKANUSHA. Tarehe nzuri HAITHIBITISHI, kwa sababu wiki ile ile zilimwagwa bloku nyingine nyingi zenye tarehe zinazofaa.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Wanakusanya mambo ambayo hayakukanusha, wanayapanga mstari, wanayaita uthibitisho.

SHAHIDI AMBAYE HAKUULIZWA

Swali la tatu, la injini yenyewe, lina njia moja tu ya haki: upate rekodi ya zamani, iliyoandikwa karibu na siku ya kwanza, na mtu ambaye hakunakili kutoka kwa hiyo logbuku uliyoshika leo. Stakabadhi ya kununua. Karatasi ya bima. Kitabu cha huduma cha muuzaji. Chochote chenye tarehe na namba.

Baba alikuwa mtu wa kuweka makaratasi. Yalikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilikaa sakafuni jioni nzima, na ndani ya bahasha ya kaki nikakuta karatasi ya bima ya mwaka 1975. Jina la Baba. Namba ya chasi ile ile. Namba ya injini: A12, tarakimu zinaishia 317.

Si 904.

Nilirudia kusoma mara tatu kama mtu anayetafuta mdudu kwenye programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kisha nikaenda jikoni nikamuuliza Mama kama anakumbuka pikapu kubadilishwa injini.

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye sufuria. "Si ile ya mwaka themanini na tatu? Ilichemka pale mlimani, ikapasuka. Baba yenu alilala Mombasa siku tatu akingoja injini nyingine." Halafu akanitazama. "Mbona hamkuniuliza?"

Kwa kweli hatukumuuliza! Tulikuwa na bloku, logbuku, rula na kikokotoo, na aliyekuwepo siku ile alikuwa anatupikia ugali.

Kesho yake nikapata na daftari la matumizi la Baba. Machi 1983, mwandiko wake wa kulala upande: injini Mombasa, 904, bei, nauli, fundi. Chini yake ameandika kwamba amepeleka habari ofisi ya usajili. Maana sheria ya trafiki inamtaka mwenye gari aijulishe ofisi hiyo anapobadilisha injini, na Baba alikuwa mtu wa sheria. Ile logbuku ya kwanza ilikuwa kijitabu, na mabadiliko yaliandikwa ndani yake moja baada ya jingine. Mwaka 1996 mchwa walikila, akaomba nyingine. Iliyokuja ilikuwa na namba moja tu ya injini, ile ya wakati huo, na namba hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaishangilia.

Sasa tafakari ubaya wa jambo hili, maana ndio moyo wa makala yangu. Logbuku yetu ililingana na injini KWA SABABU Baba alikuwa mwaminifu. Alibadilisha injini, akaripoti, rekodi ikarekebishwa. Mtu mvivu ambaye hakuripoti, namba zake zisingelingana. Na yule ambaye hakuwahi kugusa injini yake tangu kiwandani, lakini karani akasoma 8 mahali pa 3, namba zake pia zisingelingana! Kwa kipimo chetu cha barabarani, injini iliyobadilishwa inaitwa orijino, na injini ambayo haijaguswa inaitwa ya kubandika.

Kipimo kinachompitisha asiyestahili na kumwangusha anayestahili kinaitwaje? Kwenye programu tungekitupa siku hiyo hiyo.

"KARATASI HIYO IMEONWA NA NANI?"

Nilimpigia Kaka nikamweleza. Akakaa kimya, kisha akauliza polepole: "Hiyo karatasi ya bima, imeonwa na nani zaidi yako?"

Sitamtukana kaka yangu hapa. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Baba hospitali. Ndiye aliyeona ndoo zinavyopangwa sebuleni kwa Mama mvua ikinyesha. Alikuwa na hoja, na ilikuwa nzuri: hatujaghushi chochote, logbuku ni ya serikali, namba ni halali, mnunuzi ana macho yake. Nani ametuuliza habari za 1983?

Nilimjibu hivi: mnunuzi ametuuliza. Aliuliza ni injini ya kwanza au sivyo, na akaweka robo milioni mezani kwa ajili ya jibu. Tukimwonyesha logbuku na kunyamaza, tunamjibu ndiyo bila kufungua mdomo. Uongo wa namna hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu umevaa muhuri.

Tuligombana. Nafupisha. Nikamwandikia mnunuzi, nikamtumia picha ya karatasi ya bima na ya ukurasa wa daftari.

Nilitarajia anishukuru. Alinipigia akiwa amekasirika.

"Ndugu yangu, ungenyamaza tu. Mimi nilikuwa na namba mbili zinazolingana. Sasa umeniambia, siwezi tena kumwambia atakayenunua kwangu kwamba sikujua."

Someni tena maneno hayo. Huyu ndiye mteja. Huyu ndiye tuliyedhani tunamlinda. Hakuwa ananunua injini ya kwanza; alikuwa ananunua haki ya kutokujua. Muuzaji hataki kuchimba kwa sababu atapoteza pesa. Mnunuzi hataki kuchimba kwa sababu kesho atakuwa muuzaji. Fundi hataki kusema kwa sababu wote wawili ni wateja wake. Basi neno "orijino" linapita mkono kwa mkono kama noti iliyochanika ambayo kila mtu anaikunja vizuri ili ionekane nzima.

Na wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanaisugua namba na kugonga nyingine. Kwa hao nina ujumbe mfupi. Stempu ikigonga chuma, haichimbi juu tu. Hukibana chuma kilicho chini ya alama. Ukiusugua uso, ule mbano hubaki, na wachunguzi wana tindikali za kuufufua, ingawa chuma cha kusubu ni kigumu zaidi kufufua kuliko chuma cha pua au cha kufuliwa. Hata bila tindikali, sehemu iliyosuguliwa huwa bapa na kung'aa kuliko jirani zake, na tarakimu za mkono hupanda na kushuka kama mtoto anayejifunza kuandika. Pia kuna uwezekano wa kueleza mbele ya hakimu kwa nini injini yako inafanana na ya gari la wizi.

MNAOSEMA NATAFUTA MAKOSA

Najua mtakachosema. "Injini ni injini, mradi gari linatembea." Kweli kabisa! Kama unanunua pikapu ya kubeba kabeji, usisome makala hii. Sikiliza injini ikiguruma, angalia moshi, nunua. Injini iliyobadilishwa si aibu. Ile ya 904 ilivuta mzigo wa familia yetu kwa miaka mingi kuliko 317, na kama chuma kingekuwa kinapewa nishani, ningeipa. Ugomvi wangu ni na bei ya ziada inayotozwa kwa jambo ambalo hakuna aliyelichunguza.

Wengine mtasema: "Logbuku ni hati ya serikali, wewe ni nani uipinge?" Siipingi. Logbuku inajibu swali lake: leo gari hili limesajiliwa kwa injini gani, na ni la nani. Inalijibu vizuri. Haijawahi kuapa kwamba injini hiyo ilitoka kiwandani. Sisi ndio tunaoivisha kiapo ambacho haikukila.

SASA NI ZAMU YETU

Wenzangu waandishi wa programu, mlidhani mmeponea. Ile logbuku ya kijitabu, ya mikono na wino, iliyoliwa na mchwa, ilikuwa na jambo ambalo mifumo yetu mingi haina: huwezi kuandika mstari mpya bila wa zamani kubaki ukionekana. Karani alikata 317 kwa mstari mmoja, akaandika 904 chini yake, na historia yote ikasomeka kwa macho.

Sisi tunafanyaje? Tunaweka kitufe cha "hariri". Mtumiaji anabofya, anaandika 904, anahifadhi, na 317 inakufa bila hata tangazo la kifo. Nasema "sisi" kwa makusudi. Miaka iliyopita niliandika mfumo wa stoo kwa mteja mmoja. Nilijivunia kwamba ni mwepesi. Miaka miwili baadaye mali ilipotea, wakaniuliza: mwezi wa nne idadi ilikuwa ngapi, na nani aliibadilisha? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga mfumo unaojua leo tu. Mlinzi mmoja alifukuzwa kazi siku ile, na mpaka leo sijui kama alikosa au nilikosa mimi.

Na si kwamba hatujui kufanya vizuri. Tangu 2005, Linus Torvalds alipoandika Git, wengi wetu tunaishi na chombo ambacho kila badiliko linabeba alama iliyokokotolewa kutoka kwa yaliyomo na kutoka kwa badiliko lililotangulia. Gusa herufi moja ya zamani, na alama zote zinazofuata zinabadilika. Kwa programu zetu wenyewe tunahifadhi kila nukta tuliyowahi kufuta. Lakini tukipewa kazi ya kuhifadhi magari, mashamba na dawa za watu, tunaona historia ni gharama. Kwetu kumbukumbu, kwa wananchi kitufe cha "hariri". Hiyo si haki.

TUFANYE NINI

Sipendi makala zinazolalamika halafu zinakwenda kulala. Haya ndiyo ninayodai.

Wauzaji: acheni neno "orijino". Tumieni sentensi tatu, na kila moja muwe tayari kuionyesha. "Aina ya injini inafaa, tumepima." "Wakati wake unafaa, tarehe hizi hapa." "Ni ile yenyewe, karatasi ya mwaka wa kwanza hii hapa." Kama hamna karatasi ya tatu, semeni mnazo mbili. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusema "haijulikani".

Wanunuzi: msiombe logbuku peke yake. Ombeni kitu cha ZAMANI zaidi yake, kilichoandikwa na mkono mwingine. Na muulizeni mjane, dereva wa zamani, utingo. Mafundi wengi husahau namba, lakini hakuna mke anayesahau siku tatu mume alizolala Mombasa.

Mafundi: mkibadilisha injini, andikeni kwenye risiti namba iliyotoka na namba iliyoingia. Mistari miwili, dakika moja.

Wenye magari: wekeni daftari kwenye gari. La karatasi. Kila kinachobadilishwa kiandikwe chini ya kilichotangulia, msifute.

Na sisi wa programu: mfumo wowote unaobeba haki ya mtu usiwe na nguvu ya kufuta jana. Ongeza mstari, weka tarehe, weka jina la aliyeandika, acha wa zamani ubaki. Mteja akisema ni gharama, mwambie habari za mlinzi wangu.

Pikapu tuliuza, shilingi 400,000 kamili, kwa mnunuzi yule yule. Ndani ya kijisanduku cha dashibodi tuliacha nakala ya karatasi ya bima na ya ukurasa wa Machi 1983. Kama atazitoa kabla ya kuuza tena, hiyo ni juu yake. Paa la Mama limefika nusu. Nusu iliyobaki naichanga mimi, na ni haki niichange mimi, maana ndimi niliyefungua bahasha. Kaka anapokea simu zangu, ila hacheki kama siku ile.

Juzi nilimpelekea Mama misumari ya mabati. Akaniuliza kama yule mzee wa Nairobi alikubali kwamba injini ni ya 1983. Nikamwambia alikubali, kwa hasira. Akasema Baba naye aliilipia kwa hasira.